Mbona nikigawa volti 9 kwa kila rezista sipati mkondo wa kitabuni?

"Shikamoo mwalimu. Najifunza umeme peke yangu na nimekwama kwenye swali moja. Betri ya volti 9 imeunganishwa na rezista ya omu 100. Baada ya hapo njia inagawanyika: upande mmoja kuna rezista ya omu 300, upande wa pili omu 600, kisha njia zinakutana tena na kurudi kwenye betri. Natakiwa kutafuta mkondo na volteji ya kila rezista. Kanuni ya Ohm naijua, mkondo ni volteji gawanya kwa ukinzani. Nikagawa 9 kwa 100 nikapata miliampea 90, kwa 300 nikapata 30, kwa 600 nikapata 15. Kitabu kinasema 30, 20 na 10. Rafiki yangu anasema rezista ya kwanza inakula sehemu ya mkondo ndiyo maana mbele unapungua, na kwamba umeme hufuata njia rahisi. Kama ni hivyo, mbona kuna kinachopita kwenye 600? Nikaamua kuiunda sakiti yenyewe (pa 600 niliweka mbili za 300 zilizofuatana). Betri peke yake ilisoma 9.0, lakini volteji ya zile za sambamba ilisoma 5.6, si 6 ya kitabuni. Nikaiondoa ile ya 600 nikitegemea miliampea zote 30 zihamie kwenye 300. Mita ikaonyesha karibu 21. Hapo nikachoka. Nimekosea wapi, na nishike njia ipi ya kukokotoa?"

Marahaba. Mita yako haijakudanganya popote. Hata hizo 5.6 na 21 zilizokuchosha ni namba sahihi, na mbele kidogo nitakuonyesha kwamba zote mbili zinasema jambo moja kuhusu betri yako. Zilizokosea ni zile tatu za karatasi, 90, 30 na 15, na sababu yake ni moja tu.

Kanuni ya Ohm ina herufi tatu, V (volteji), I (mkondo) na R (ukinzani), na wengi huikariri bila sharti lake: herufi zote tatu lazima ziwe za kitu kimoja. Ukitaka mkondo wa rezista ya omu 100, unahitaji volteji iliyopo kati ya mguu mmoja na mguu wa pili wa rezista hiyohiyo. Sasa angalia mchoro wako. Volti 9 zipo kati ya ncha mbili za betri. Je, kati ya rezista zako tatu kuna hata moja ambayo miguu yake yote miwili imeshika ncha za betri? Hakuna. Ile ya 100 imeshika ncha chanya kwa mguu mmoja, ila mguu wa pili uko kwenye makutano ya katikati. Zile za 300 na 600 zimeanzia kwenye makutano hayo na kuishia kwenye ncha hasi. Kwa hiyo volti 9 si mali ya rezista yoyote kati yao, na ulipozigawa kwa 100 uliazima V ya betri ukaichanganya na R ya rezista.

Hesabu zako si upuuzi, lakini. Miliampea 90 ni jibu sahihi la swali jingine: rezista ya omu 100 ikiunganishwa peke yake kwenye betri ya volti 9, itapitisha mkondo gani? Vivyo hivyo 30 na 15. Umejibu maswali matatu ya sakiti tatu tofauti, na hakuna lililoulizwa.

Ulikuwa pia na ushahidi mkononi, ungeweza kuutumia. Nguvu inayogeuka joto ndani ya rezista ni volteji yake mara mkondo wake. Kama ile ya 100 ingekuwa kweli na volti 9 na miliampea 90, ingetoa wati 0.81. Rezista ndogo za kawaida za majaribio hutengenezwa kuhimili robo wati. Kwa mzigo zaidi ya mara tatu ya uwezo wake ingekuunguza kidole, na baada ya muda rangi zake zingeanza kubadilika. Kwa majibu ya kitabu inapata volti 3 na miliampea 30, yaani wati 0.09, uvuguvugu tu. Namba ikitoka kwenye karatasi, iulize inadai nini kwenye meza. Mara nyingi hapo ndipo kosa hujitokeza.

Volteji yenyewe ni kitu gani? Ni tofauti kati ya pointi mbili. Haina maana kusema "volteji ya hapa" bila kusema ukilinganisha na wapi. Volti moja maana yake ni kwamba kila kulombi moja ya chaji inayotoka pointi hii kwenda ile inaacha njiani nishati ya jouli moja. Ifikirie kama ghorofa: betri inakupandisha hadi kimo cha 9, na lazima ushuke hadi 0 kwa ngazi. Sehemu ya kwanza ya ngazi ni moja tu, wote hupita hapo. Kuanzia kimo fulani cha katikati kuna ngazi mbili zinazoshuka hadi chini. Upite ipi, utakuwa umeshuka kimo kilekile, kwa sababu zote zinaanzia sakafu moja na kuishia sakafu moja. Ndiyo maana rezista za sambamba zina volteji sawa hata kama ukinzani wake ni tofauti kabisa, na ndiyo maana volteji ya ile ya 100 ukiijumlisha na volteji ya kundi la chini ni lazima upate 9. Swali lote, basi, ni kimo cha ile sakafu ya katikati. Ukikijua hicho umemaliza.

Kabla ya kukitafuta, tuzungumze na rafiki yako. Anasema rezista inakula mkondo. Ni wazo ambalo karibu kila anayeanza hulishika, na linaeleweka, kwa sababu kuna kitu kinachotumika kweli: nishati. Chaji hailiwi. Elektroni zinazoingia mguu mmoja wa rezista kwa sekunde ni nyingi sawasawa na zinazotoka mguu wa pili. Ukitaka kuhakikisha, katiza sakiti kabla ya ile ya 100 upachike mita ya mkondo, usome. Kisha iondoe uipachike baada ya ile ya 100, kabla ya makutano. Utasoma namba ileile. Mkondo unapungua unapofika kwenye 300 na 600 kwa sababu umegawanyika: 20 upande huu, 10 upande ule, na kwenye waya wa kurudi betrini ni 30 tena.

Hapo huwa linakuja swali zuri ambalo wengi huliona aibu kuuliza: mkondo unapotoka betrini unajuaje kwamba mbele kuna 300 na 600, hadi uamue kuwa miliampea 30 na si 90? Jibu ni kwamba mwanzoni haujui. Ukiunganisha tu, chaji huanza kusukumwa kila mahali, na palipo na ukinzani hutokea msongamano mdogo mno: chaji chache za ziada hujikusanya juu ya uso wa waya na kwenye miguu ya rezista, upande mmoja zikizidi na upande wa pili zikipungua. Msongamano huo hujenga msukumo wake wenyewe, unaopunguza mwendo palipo na ziada na kuuongeza palipo na upungufu, mpaka kinachoingia kila sehemu kilingane na kinachotoka. Marekebisho hayo husambaa kwenye waya kwa kasi inayokaribia ya mwanga, hivyo kwenye sakiti ya mezani huwa yameisha kabla hata vidole vyako havijaachia waya. Elektroni zenyewe hutembea polepole mno: kwa miliampea 30 kwenye waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.6, mwendo wao wa wastani haufiki hata sehemu moja ya mia ya milimita kwa sekunde. Taarifa ndiyo inayokimbia. Kanuni tunazotumia zinahusu hali iliyokwisha kutulia, na ndiyo sababu huwezi kuikokotoa sakiti kwa kufuata safari ya elektroni moja kutoka betri, rezista baada ya rezista, kana kwamba ya mbele haijulikani bado. Sakiti hutatuliwa nzima.

Na hiyo habari ya njia rahisi? Msemo huo umeharibu wanafunzi wengi. Mkondo hupita njia zote zilizo wazi kwa wakati mmoja, na kila njia hupata fungu linalowiana kinyume na ukinzani wake. Njia ya 600 ina ukinzani mara mbili ya ile ya 300, basi inapata nusu ya mkondo wake. Hiyo ndiyo 10 na 20. Njia ya omu elfu sitini ingepata kidogo sana, lakini si sufuri. Msemo huo hukaribia ukweli pale tu njia mojawapo ni waya mtupu usio na ukinzani wa kutajika, yaani shoti. Hapo njia nyingine hubakiwa na kiasi kisichoonekana.

Sasa hesabu. Njia ya kwanza ni ile ya kufinya sakiti mpaka ibaki rezista moja. Rezista ya 300 na ya 600 ziko sambamba, kwa kuwa miguu yao imeshika pointi mbili zilezile. Kwa rezista mbili za sambamba, zidisha ugawe kwa jumla: 300 mara 600 ni 180,000, gawanya kwa 900, unapata 200. (Njia hii ya mkato ni ya rezista mbili tu. Zikiwa tatu, jumlisha vipindu vyake, 1 gawanya kwa kila moja, kisha usisahau kupindua jibu la mwisho. Hilo ndilo kosa ninalolikuta kuliko yote kwenye daftari.) Jibu hilo lipime kwa jicho: ukinzani wa pamoja wa sambamba lazima uwe mdogo kuliko ule wa rezista ndogo kuliko zote kundini. 200 ni ndogo kuliko 300, sawa.

Kundi hilo la 200 liko mfululizo na ile ya 100, kwa hiyo jumla ni omu 300. Sasa, na si kabla, unaruhusiwa kutumia volti 9, kwa sababu hiyo 300 ya pamoja ndiyo iliyoshika ncha zote mbili za betri. 9 gawanya kwa 300 ni ampea 0.03, miliampea 30. Huo ni mkondo wa betri na wa ile ya 100. Volteji ya ile ya 100 ni 0.03 mara 100, yaani volti 3. Zilizobaki ni volti 6, na ndizo za kundi la chini. 6 gawanya kwa 300 ni miliampea 20; 6 gawanya kwa 600 ni miliampea 10. Umeshafika kitabuni. Hakiki kwa nguvu: wati 0.09 za ile ya 100, 0.12 za 300, 0.06 za 600, jumla 0.27, na betri inatoa volti 9 mara ampea 0.03, ambazo pia ni 0.27. Nishati iliyotoka ni sawa na iliyotumika.

Angalizo moja hapa, maana ndipo watu huteleza. Usiamue kwamba rezista ziko mfululizo au sambamba kwa kutazama jinsi zilivyochorwa. Mchoro unaweza kulazwa, kusimamishwa au kupindwa. Mbili ziko mfululizo pale tu ambapo mkondo uliopita ya kwanza hauna pa kwenda ila kwenye ya pili. Ziko sambamba pale tu ambapo zimeshiriki pointi mbili, huku na huku. Rezista yako ya 100 haiko mfululizo na ile ya 300, ingawa zimegusana, kwa sababu kati yao kuna njia panda.

Njia ya pili nadhani utaipenda zaidi, hata kama mwanzoni inaonekana ya kitaalamu. Usifinye chochote. Ipe ncha hasi ya betri thamani 0, ncha chanya ni 9, na makutano ya katikati yaite V. Sasa andika jambo moja tu ulilokubali hapo juu: mkondo unaoingia kwenye makutano ni sawa na jumla ya inayotoka. Unaoingia unapita kwenye ile ya 100, ambayo mguu mmoja uko kwenye 9 na mwingine kwenye V, hivyo ni (9 − V) gawanya kwa 100. Inayotoka ni V gawanya kwa 300, na V gawanya kwa 600. Mlinganyo ni:

(9 − V)/100 = V/300 + V/600

Zidisha pande zote kwa 600: 54 − 6V = 2V + V. Kwa hiyo 54 = 9V, na V ni 6. Mstari mmoja, na mikondo yote mitatu unaipata hapohapo. Zingatia pia kwamba njia hii inakuzuia kufanya kosa lako la mwanzo, kwa kuwa kila mara unalazimika kuandika tofauti ya miguu miwili ya rezista husika. Kanuni hii ya makutano, pamoja na ile inayosema ukizunguka sakiti na kurudi ulipoanzia volteji hujumlishana kuwa sufuri, ziliandikwa na mwanafizikia Mjerumani Gustav Kirchhoff mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi.

Umeniuliza ushike ipi. Kwa swali kama hili la mtihani, lenye rezista tatu na namba zinazogawanyika vizuri, kufinya ni haraka na msahihishaji anaona hatua zako. Shida yake ni kwamba ukishafinya, rezista halisi zimetoweka kwenye karatasi na inabidi urudi nyuma kuzifufua moja moja. Wengi hupotea kwenye safari ya kurudi. Tena kuna sakiti ambazo hazifinyiki kwa sheria hizo mbili. Chukua njia mbili za sambamba, kila moja ina rezista mbili zilizofuatana, kisha unganisha rezista ya tano kutoka katikati ya njia hii hadi katikati ya ile. Ile ya tano haiko mfululizo na yeyote wala sambamba na yeyote. Kwa njia ya makutano unakuwa na sehemu mbili usizozijua badala ya moja, milinganyo miwili, basi. Ningekuwa wewe ningejifunza zote mbili, ningekokotoa kwa makutano na kukagua kwa kufinya pale inapowezekana.

Tuje kwenye meza yako. Uliondoa ile ya 600 ukitegemea miliampea 30 zote zihamie kwenye 300. Dhana iliyojificha hapo ni kwamba betri hutoa kiasi fulani cha mkondo, na sakiti hugawana tu kilicholetwa. Sivyo. Betri hujitahidi kushika volteji, na mkondo huamuliwa na sakiti nzima. Ulipoondoa njia moja, ukinzani wa jumla ulipanda kutoka 300 hadi 400 (100 jumlisha 300), na mkondo wa betri ukashuka hadi miliampea 22.5. Volteji ya ile ya 300 ilipanda kutoka 6 hadi 6.75, kwa hiyo mkondo wake uliongezeka kidogo, kutoka 20 hadi 22.5, lakini haukufika 30. Fanya na kinyume chake: rudisha ya 600 na uongeze njia ya tatu ya omu 200 sambamba nazo. Kundi la chini linakuwa omu 100, jumla 200, betri inatoa miliampea 45, na volteji ya kundi inashuka hadi 4.5. Ile ya 300 sasa ina 15, ile ya 600 ina 7.5, na mpya ina 22.5. Hukuzigusa kabisa zile mbili za awali, lakini zote zimebadilika. Ndiyo maana nilisema sakiti hutatuliwa nzima. Kama rezista hizo tatu zingeshika ncha za betri moja kwa moja, bila ile ya 100 kutangulia, na betri ikiwa haijachoka, kuongeza njia kusingezibadilisha za jirani kwa kiasi cha kutajika.

Sasa kwa nini ulisoma 5.6 badala ya 6, na 21 badala ya 22.5? Jibu la haraka ambalo wengi wangekupa ni kwamba rezista hazina thamani kamili. Ni kweli kwamba mkanda wa rangi ya dhahabu uliochorwa kwenye rezista unaruhusu asilimia 5 juu au chini. Lakini tujaribu hali mbaya kuliko zote: ile ya 100 iwe 105, na kundi la 200 liwe 190. Volteji ya kundi ingekuwa 9 mara 190 gawanya kwa 295, karibu 5.8. Hata kwa bahati mbaya kabisa hufiki 5.6. Kuna kingine.

Kingine hicho ni betri. Ndani yake kuna ukinzani, kwa sababu kemikali na vyuma vyake navyo huzuia mkondo kiasi. Ulipoipima peke yake haikuwa na mzigo, mkondo ulikuwa karibu na sufuri, hivyo ukinzani huo wa ndani haukuonyesha kitu na ukasoma 9.0 kamili. Ilipoanza kufanya kazi, sehemu ya volteji ilibaki humohumo ndani. Kiasi gani? Volti 5.6 kwenye kundi la omu 200 maana yake mkondo ulikuwa miliampea 28. Miliampea 28 kwenye omu 300 za nje ni volti 8.4. Zilizopotea ni 0.6, na 0.6 gawanya kwa 0.028 ni omu 21 na ushee. Huo ndio ukinzani wa ndani wa betri yako. Sasa utumie kutabiri jaribio lako la pili: omu 400 jumlisha 21.4, volti 9 gawanya kwa 421.4, unapata miliampea 21.4. Wewe ulisoma karibu 21, na tofauti ndogo iliyobaki inaelezeka, kwani mita ya mkondo nayo huongeza omu kadhaa unapoipachika njiani. Jaribio la kwanza limelitabiri la pili. Pima ncha za betri wakati sakiti inafanya kazi, natarajia usome karibu 8.4. Betri mpya ingekupa majibu yaliyo karibu zaidi na kitabu; hii yako imeshachoka, na kitabu kilichukulia betri isiyo na ukinzani wa ndani bila kukuambia.

Usione haya kuchanganywa na betri, kwa kuwa Georg Ohm mwenyewe ilimsumbua. Betri za wakati wake zilibadilika-badilika kiasi cha kumvurugia vipimo, na mwaka 1826 akaziacha, akatumia kiungo cha metali mbili, shaba na bismuthi, upande mmoja ukiwekwa kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu. Msukumo wake ulikuwa mdogo, lakini haukuyumba. Kitabu chake chenye kanuni hiyo kilitoka mwaka uliofuata.

Mambo mawili ya mita, kwa vile naona unaitumia. Volteji hupimwa kwa kugusa pointi mbili bila kukata chochote; multimita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa omu milioni 10 hivi zikipima volteji, hivyo kwa rezista zako hazibadilishi kitu. Ukija kutumia rezista za omu milioni, mita itaanza kuonekana ndani ya hesabu: mbili za milioni moja zilizofuatana kwenye volti 9 zinapaswa kukupa 4.5 katikati, lakini mita itasoma karibu 4.3, maana imekuwa rezista ya tatu. Mkondo hupimwa kwa kukata njia na kuifanya mita iwe sehemu ya njia hiyo. Ukiwa umeweka mita kwenye ampea, kamwe usiigusishe moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri, kwani wakati huo ina ukinzani mdogo sana na ni shoti tupu. Ikiwa umewahi kufanya hivyo na sasa upande wa mkondo unasoma sufuri kila mahali, fyuzi ya ndani imekatika. Ibadilishe kwa ya kiwango kilekile kilichoandikwa kwenye mita, na usiweke kipande cha waya badala yake.

Haya yote uyafanye kwa betri ndogo. Kanuni ni zilezile kwenye umeme wa ukutani, lakini kule volti ni 120 hadi 240 na miliampea 30, mkondo uleule wa sakiti yako ndogo, ukipita kifuani unaweza kumuua mtu. Usipime soketi wala kufungua kifaa kilichochomekwa ili kujaribu hesabu. Hiyo kazi muite fundi umeme mwenye leseni. Betri ikipata moto mkononi au ikivimba, ikate kwenye sakiti upesi na usiitumie tena. Na kama baada ya kusoma haya bado V yako haitoki 6, mtafute mwalimu wa fizikia au fundi wa elektroniki akae na wewe mbele ya daftari na sakiti yenyewe. Mara nyingi kosa huwa kwenye mchoro: mguu mmoja umechomekwa kwenye shimo la jirani la ubao wa majaribio, au rangi za rezista zimesomwa kinyume, na mtu akiona kwa macho humaliza kwa dakika chache jambo ambalo mimi kwa maandishi siwezi kuliona.